Shamba Lisilogeuzwa

Asubuhi ile Kasiana alipofika shambani aliona vijiti vimesimama mstari kwa mstari, na kwenye kila kijiti mabaki ya kitu kilichokuwa jani. Wiki iliyotangulia maharage yalikuwa yamejaa, majani mapana, kijani kibichi, mtu angeweza kuchuma likolo, mboga ya majani ya jioni, bila kuonekana kwamba amepita. Sasa kila jani lilikuwa tundu juu ya tundu, kama chandarua kilichotafunwa na panya. Na waliolitoboa walikuwa bado wamekaa juu yake wanakula, mchana kweupe, bila haraka.

Walikuwa wadudu wadogo, kama punje ya mtama, mgongo mgumu unaong'aa kama umepakwa mafuta. Wengine rangi ya kutu, wengine weusi. Alipogusa shina walikunja miguu wakajiachia, wakaanguka chini, wakalala chali. Ndivyo walivyo. Ukiwagusa wanakufa, ukigeuka wanafufuka, wanapanda tena, wanaendelea na chakula chao.

Kasiana alichuchumaa akawatazama.

"Amkeni," aliwaambia. "Aliyekufa namjua alivyo."

Mume wake, Longino, alikuwa amezikwa mwishoni mwa Juni. Kilianza kifua, wakadhani ni mafua ya baridi, na kabla hawajajua vinginevyo alikuwa amelazwa, na kabla Dorine, binti yao wa pekee, hajafika kutoka Namtumbo alikoolewa, alikuwa amekwisha. Maharage ya mwaka ule Longino aliyang'oa na kuyapura mwenyewe. Magunia aliyashona Kasiana, peke yake, mume akiwa kitandani anauliza kutoka ndani kama uzi umetosha.

Shamba lenyewe liko bondeni, nyuma ya Lilambo, mwendo wa asubuhi kutoka Msamala walikojenga. Si kubwa, lakini udongo wake ni mweusi na unashika maji. Longino alipewa na baba yake. Ng'ambo ya mfereji ni shamba la kaka yake Emiliani, aliyepewa siku hiyohiyo, na kwa miaka yote hiyo ndugu hao walikuwa wanasalimiana kwa kupunga majembe, kila mmoja upande wake.

Kila mwaka, maharage yakishatoka, kabla ardhi haijakauka ikawa tofali, Longino na Kasiana walikuwa wanageuza shamba. Wao hawakuita kulima. Kugeuza ni jembe kuzama lote, bonge kupinduliwa, udongo wa chini kuwa wa juu. Ni kazi ya kuvunja mgongo, na hufanywa Julai, baridi ya Songea ikiwa imeshika vidole, wakati watu wengine wamekaa jikoni. Waliifanya kwa sababu ya wadudu hawa. Mdudu wa maharage akishakula majani wakati wa mvua hutaga mayai udongoni, karibu na shina. Watoto wake wanakula mizizi, wanakua humohumo chini, wanakuwa wadudu kamili, halafu wanalala. Kiangazi chote wamelala, wanasubiri mvua iwagongee mlango. Ukigeuza Julai umewaanika: jua linawakausha, kunguru na kuku wanamaliza wanaosalia. Longino aliwaita wapangaji. Leo tunawatolea vyombo nje, angesema, na Kasiana angemjibu kwamba achimbe, vyombo havitoki kwa mdomo.

Na mahali palipokaa maharage mwaka huu, mwaka unaofuata walipanda mahindi. Mdudu huyu hana shida na mahindi. Anataka maharage, anataka kunde; akiamka akakuta mahindi anabaki na njaa yake. Hayo Longino hakuyabuni. Alifundishwa na baba yake, na Emiliani alifundishwa naye, siku zilezile, kwenye udongo uleule.

Mwaka huu Julai ilipofika, Emiliani alikataza.

Yeye ndiye mwanaume mkubwa katika ukoo, na neno la msiba lilikuwa lake. Alimwita Kasiana mbele ya watu waliokuwa bado wanakuja kutoa pole, akamweleza kwa sauti ya upole kwamba kwa mila yao shamba la marehemu haliguswi na jembe mpaka msiba ufungwe. Na msiba ungefungwa Fransisko, mdogo wao, atakaporudi kutoka Nalasi alikokuwa anahudumia mikorosho ya watu. Kasiana aliuliza atarudi lini. Emiliani alisema korosho zina majira yake. Kasiana akauliza, na wadudu je?

"Shemeji," Emiliani alisema, akitabasamu kidogo kwa ajili ya wageni, "mdudu hana habari na msiba."

Watu walicheka kwa adabu, kama watu wanavyocheka msibani. Kwamba mdudu hana habari na msiba ndicho hasa alichokuwa anajaribu kusema Kasiana.

Angeweza kubishana. Ana mdomo, wote wanajua. Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo hakumwambia mtu yeyote, hata Dorine. Kule shambani matuta yalikuwa bado ni yale aliyoyavuta Longino. Kando ya mfereji, palipokuwa na tope wakati wa kung'oa, palikauka na nyayo za viatu vyake vya mpira, mguu wa kushoto umeingia ndani zaidi kwa sababu ndivyo alivyotembea tangu ujana. Agosti na Septemba Kasiana alikuwa anaaga Msamala kwamba anakwenda kuokota kuni, anakwenda kukaa pale. Anaangalia. Ukigeuza shamba, hivyo vyote vinakwenda chini. Kwa hiyo Emiliani aliposema hapana, chini ya hasira yake kulikuwa na shukrani ndogo, na shukrani hiyo ndiyo iliyomfunga mdomo.

Fransisko alirudi katikati ya Novemba. Misa ikasomwa, msalaba wa saruji ukasimamishwa kaburini, komoni, pombe ya kienyeji, ikanyweka. Mvua ya kwanza ilipopiga Emiliani alitaja mila ya pili: mbegu ya mwisho ya marehemu inarudishwa palepale ilipotoka, ukoo mzima unaipanda kwa siku moja, na chungu cha kwanza kitakachotoka kinapikiwa waliomzika. Kasiana alimwambia Ida, mke wa Emiliani, kwamba mwaka huu Longino alikusudia mahindi pale, kila mtu anajua kwamba maharage hayafuatani na maharage. Ida alipeleka neno, akarudi na jibu fupi kwamba marehemu anataka cha kwake.

Wakapanda. Na ilikuwa siku nzuri, hilo Kasiana hakuweza kulikana baadaye alipotaka kulikana. Majembe yaligusa juujuu tu, kiasi cha kufunika mbegu. Fransisko alifanya mzaha kuhusu wakulima wa korosho wanaosahau hata kushika jembe, watu wakacheka kwa nguvu, cheko la kwanza tangu Juni. Kasiana alipika. Alimwona Longino kila mahali, na kwa mara ya kwanza halikuwa jambo la kuumiza.

Chini ya miguu yao, kwenye udongo ambao hakuna aliyeupindua, wapangaji walikuwa wamesikia mvua.

Alijaribu. Alimwaga majivu ya jikoni kwa kila tuta, mvua ikayaosha. Alitwanga majani ya utupa, akaloweka, akanyunyiza kwa kibuyu mpaka macho yakamwasha. Walikufa baadhi, kufa kwa kweli safari hii, na kesho yake wengine walikuwa wamepanda mahali pao, kana kwamba ardhi ina ghala. Aling'oa mche mmoja. Mzizi ulikuwa umeanza kutafunwa.

Ndipo Emiliani akaja. Hakuvuka mfereji. Alisimama upande wake, mikono nyuma, nyuma yake maharage yake mwenyewe yakiwa mazima, majani yanacheza na upepo. Alitazama vijiti vya Kasiana kwa muda mrefu, na alipoongea aliongea kwa sauti ya kufika kwa majirani waliokuwa wanapalilia.

"Longino amekataa," alisema.

Kasiana alimuuliza amekataa nini.

"Mbegu yake mwenyewe, shamba lake mwenyewe, na haioti. Wewe unaona nini, Mama Dorine? Hata mdudu anaijua nyumba isiyo na mwenyewe."

Akaondoka. Kasiana alibaki amesimama na kibuyu cha utupa, maji yanachuruzika mguuni, na hasira iliyompanda ilikuwa kubwa kiasi kwamba aliogopa kusogea. Si kwa ajili ya neno la nyumba. Hilo alilitegemea, Longino hakuacha mtoto wa kiume, na Valence, mwana wa Emiliani, alikuwa amekwisha sema kwenye komoni kwamba udongo wa bonde lile unatoa tofali nzuri sana za kuchoma. Kilichomkaba ni lile neno lingine. Miaka yote waliyoishi pamoja Longino hakuwahi kumkatalia kitu bila kwanza kukaa chini na kueleza kwa nini, mpaka Kasiana anachoka kusikiliza. Sasa amekufa, na kaka yake amemgeuza mtu wa kununa na kutuma wadudu.

Neno lilitangulia kufika Msamala kabla yake. Jumapili, nje ya kanisa, mwanamke mmoja alimshika mkono akamuuliza taratibu kama kuna jambo hakumtimizia marehemu kabla hajafa. Kama lipo, aliseme, roho ipumzike. Kasiana alimwambia lipo. Alitaka chai ya pili siku ile, akamnyima kwa sababu daktari alikataza sukari. Mwanamke yule aliachia mkono.

Dorine alipopigiwa simu hakuzunguka. Mama aende baraza la kata. Sheria inamlinda mjane, siku hizi hata hao wazee wanajua. Kasiana alisema anajua. Alijua pia kwamba baraza lingeweza kumrudishia shamba na lisiweze kumrudishia Longino. Angelima pale maisha yake yote na kila mvua isiponyesha watu wangesema ni mume wake. Shamba lile alilitaka lote, pamoja na mtu wake. Akamwambia Dorine aje tu Noeli, aje na mume wake kama atapata nafasi.

Emiliani aliita kikao cha ukoo siku ya pili ya Noeli, uwanjani kwake. Walikuwepo Fransisko, bado ana harufu ya pombe ya jana; Valence, amevaa shati jipya; Ida anayepita na vikombe; Dorine peke yake, mume alibaki na vitalu vya tumbaku. Na alikuwepo Hilda, dada yao, mzaliwa wa kwanza, shangazi ambaye hata Emiliani humpa shikamoo akiwa ameinama. Hilda ni mwanamke mkavu, haongei sana, na Kasiana katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kujua kama wifi yake anampenda.

Emiliani aliongea vizuri. Alimsifu Longino. Alimsifu hata Kasiana, kwa kumuuguza. Kisha akasema kwamba marehemu ameonyesha neno lake mbele ya wote, hakuna haja ya kumchokoza zaidi. Shamba la bondeni lirudi kwenye ukoo, Valence aliangalie. Kasiana hatatupwa, atapewa kipande kule juu mlimani, kinamtosha mtu mmoja.

"Kule kwenye mawe," Dorine alisema.

"Mawe huota mihogo mizuri," Valence alimjibu, na Ida akamkata jicho mwanawe.

Kasiana alikuwa amepanga maneno njiani. Yalimpotea yote. Alikuwa anatazama mikono ya Emiliani, inavyofanana na ya Longino, vidole vifupi, kucha pana, na alichukia kwamba inafanana.

Hilda aliweka kikombe chini. Alisema yeye amesikia habari ya shamba lililokataa kwa wiki nzima, kila mtu anamletea kama maziwa, lakini hajaliona. Waende wakaone. Emiliani alisema dada, ni mbali kwa miguu yako. Hilda alikuwa amekwisha simama.

Walikwenda kwa msururu, Hilda mbele na fimbo yake. Ida alibeba jembe begani. Alisema wakirudi atapitia kuchimba viazi vya jioni. Walipofika walisimama kando ya mfereji, na pande mbili za maji yale zilikuwa kama picha mbili za nchi tofauti. Huku vijiti. Kule kijani mpaka ukingoni.

Fransisko alikuna kichwa. Alivuka mfereji kwa hatua moja ya kilevi, akachuma jani zima la kaka yake, akaliinua juu.

"Na hili je, kaka? Longino amelikubali?"

Mtu mmoja alicheka, akajidai anakohoa. Emiliani alisema maharage yake hayahusiani na marehemu.

"Wadudu wale wanaruka," Fransisko alisema. "Nimewaona. Mfereji huu hata kuku anaruka. Mbona hawajaja kwako? Wanakuogopa?"

"Watakuja. Wachache wamekuja."

"Wachache."

Hilda alikuwa amechuchumaa kwenye tuta la Kasiana, kwa shida, ameegemea fimbo. Aligusa shina. Wadudu wakakunja miguu wakaanguka. Alimwokota mmoja, akamweka kiganjani, akangoja mpaka mdudu alipokunjua miguu na kuanza kutembea kuelekea kidole gumba. Kisha akambana kwa ukucha.

"Emiliani," aliita, bila kuinua kichwa. "Lako uligeuza lini?"

Emiliani alitazama maharage yake.

"Julai."

"Kwa nini?"

"Dada, kila mtu anajua kwa nini."

"Mimi mzee, nimesahau. Niambie."

Upepo ulipita kwenye maharage ya ng'ambo. Emiliani alitazama watu, kama mtu anayetafuta aliyemkanyaga.

"Ili wadudu wasilale humo," alisema.

Kasiana alidhani sasa hasira yake itashuka, maana neno limetoka, na limetoka kwa mdomo uleule. Haikushuka. Ilipanda, kwa sababu mpaka dakika ile kulikuwa na sehemu yake iliyokuwa inamtetea Emiliani, inayosema labda mzee amesahau, labda anaamini. Hakusahau. Alikuwa amesimama ng'ambo ile Julai nzima, anapindua udongo wake bonge kwa bonge, anaangalia wa mdogo wake ukikauka. Labda alipanga. Labda hakupanga, alisubiri tu aone kitakachoota. Kasiana hangejua kamwe, na kutojua huko kulikuwa kama jiwe kwenye ugali.

Lakini Emiliani hakuwa mtu wa kuanguka kwa kusukumwa mara moja.

"Mila si yangu," alisema, sauti imerudi. "Niliikuta. Babu alizikwa hivyo, baba alizikwa hivyo. Na huyu hapa hakulazimishwa. Muulizeni. Kama alitaka kugeuza, angekuja kwako dada, angekwenda kwa paroko, angepiga kelele. Kasiana huyu tunayemjua! Alikuwa anakuja hapa na kukaa. Nilimwona. Pale kwenye mfereji, anakaa saa nzima anaangalia matuta makavu. Alitaka lisigeuzwe, vilevile nilivyotaka mimi."

Dorine alimgeukia mama yake, na kwenye uso wake kulikuwa na swali.

"Kweli," Kasiana alisema. "Nilikuwa nakuja."

Sauti yake ilitoka ndogo. Akaanza tena.

"Nilikuwa nakuja kumwangalia. Nyayo zake zilikuwa pale. Sikutaka zifukiwe, nikasema acha, mwaka mmoja tu. Hilo ni langu, Emiliani, nitalala nalo. Lakini mimi sikusema Longino ananichukia. Mimi nilimkalisha hapa kwa sababu nilimpenda. Wewe umemsimamisha hapa anitishe." Alivuta pumzi. "Longino hajakataa kitu. Hana wadudu, hana hasira, hana shamba. Longino amekufa. Nimekaa miezi yote hii sitaki kulisema, na wewe umenifanya niliseme mbele ya watu, kwa ajili ya tofali."

Alimgeukia Ida akanyoosha mkono. Ida alimpa jembe bila kuuliza, na baadaye watu walikumbuka kwamba hakumtazama mume wake kwanza.

Kasiana aliinua jembe akalizamisha kwenye tuta la kwanza, lote, mpaka shingo. Alilalia mpini, bonge likapinduka, na mche wa maharage ukaenda chini na vijiti vyake. Akapiga la pili. Emiliani alisema asimame, hiyo ni mbegu ya marehemu, huwezi kuing'oa kabla haijapikwa; hiyo ni kumtukana. Kasiana alipiga la tatu. Udongo wa chini ulikuwa mweusi, una maji, na ndani yake kulikuwa na funza weupe wadogo waliojikunja kwenye mizizi, na wadudu wenyewe wakikimbia hovyo kwenye mwanga. Aliwakanyaga. Alikuwa analia, lakini alikuwa analia kama mtu anayetoka jasho, bila kusimamisha kazi. Alifika kando ya mfereji, palipokuwa na nyayo. Mvua ilikuwa imekwisha zifuta kitambo, hakuwa amegundua. Alipageuza napo.

"Mwacheni," Hilda alisema, kwa sababu Valence alikuwa amepiga hatua mbele. "Wewe, mtoto, rudi. Msiba umeisha." Aliinuka kwa fimbo yake, akajipangusa kiganja kwenye kanga. "Shamba hili halikukataliwa na mtu. Limeliwa. Tumelilisha sisi wenyewe, kwa mila tulizozinyoosha upande mmoja. Mwenye kulilima ni huyu anayelilima. Anayetaka kusema vingine aje aniambie mimi, si kanisani, si kwenye komoni."

Emiliani alisema amesikia. Alivuka kwenda upande wake wa mfereji, akatembea katikati ya maharage yake mazuri, polepole, kwa uangalifu asikanyage mche, na Kasiana aliyemtazama mgongo aliona kwamba hata kutembea kwake ni kwa mtu anayejua thamani ya jani. Hilo nalo lilimkasirisha.

Fransisko alikwenda kuomba jembe kwa jirani. Aligeuza matuta mawili, akatapika komoni ya jana, akaendelea.

Iliwachukua siku kadhaa, yeye, Dorine na wanawake wa Msamala waliokuja wawili leo, watatu kesho. Hawakuambiwa waje. Yule aliyemshika mkono kanisani naye alikuja, akachimba upande wa mbali, na Kasiana alimwitikia salamu, basi. Kuku walioletwa ndani ya tenga walishiba mpaka wakawa wanatembea kwa kuyumba. Kwenye udongo uliogeuzwa walipanda mahindi, yamechelewa, lakini mwaka bado ulikuwa na mvua. Maharage angepanda Februari, mahali pengine, wadudu wakiwa wameshapungua, kama ana mbegu. Hakuwa na mbegu. Ilikuwa imelala yote chini ya mahindi.

Siku ya mwisho ya kupanda, Ida alikuja na debe kichwani. Alilitua mlangoni kwa Kasiana pale Msamala, akafunua kitambaa. Maharage mekundu, yaliyochaguliwa moja moja, hakuna lililotobolewa. Alisema yametoka kwa Emiliani. Alisema mume wake amesema yaliyopita yamepita, shemeji achukue mbegu, apande palepale bondeni kabla mvua haijakolea, ukoo usionekane umemwacha mjane.

Kasiana alichota akayaacha yapite katikati ya vidole. Ilikuwa mbegu safi kweli. Alimtazama Ida, na Ida akatazama chini.

"Palepale bondeni," Kasiana alisema.

"Ndivyo alivyosema, wifi."

"Sasa hivi."

"Kabla mvua haijakolea."

Inawezekana ilikuwa radhi, ya mtu asiyejua radhi inavyoombwa. Inawezekana ilikuwa shimo la pili, limefunikwa vizuri kuliko la kwanza. Kasiana alikaa kwenye kigoda akajaribu kuamua, akaona kwamba hataki tena kuishi akiamua vilivyomo kichwani mwa Emiliani. Wanawake walikuwa uani wananawa matope, wana njaa, wanataniana kuhusu nani amechimba kama anakuna. Akaliburuta debe mpaka jikoni, akabandika sufuria kubwa, ile ya msibani, akamimina.

Ida alisimama mlangoni ameshika kitambaa.

"Wifi, hiyo ni mbegu."

"Naona."

"Atauliza."

"Kaa, Ida. Umetembea na debe tangu asubuhi."

Ida alikaa. Mara ya kwanza alikaa pembeni ya mkeka kama mgeni, halafu miguu yake ikanyooka yenyewe. Maharage yalichukua muda, yaliungwa kwa karanga, yakaja na ugali wa moto, na sahani za kwanza zikaisha upesi. Ndipo Ida aliuliza, kwa sauti ya chini, amwambie nini mzee akirudi nyumbani.

"Mwambie tumeyala," Kasiana alisema, akampakulia tena.